Riwaya yako imekwama kabatini? Mzazi anaweza kuimaliza

Daftari la kurasa mia mbili limekaa juu ya kabati tangu mwaka jana. Mwenye nalo ni mama au baba wa watoto watatu. Huenda ni mwalimu, muuguzi, karani wa ofisi mjini Moshi au mfanyabiashara wa Kiboriloni. Aliandika usiku baada ya watoto kulala, akafika mwisho wa hadithi, akafurahi. Wiki moja baadaye akasoma sura ya kwanza, akaona aibu, akalifunga.

Hapo ndipo riwaya nyingi hufia. Kuandika rasimu ya kwanza kuna raha yake, maana kila siku kinazaliwa kitu kipya. Kuirekebisha ni kazi nyingine. Unarudi kwenye maneno yako mwenyewe, na kila ukurasa unakuonyesha ulipokosea.

Kwa mzazi, kinachopotea ni zaidi ya karatasi. Zile saa alizoandika zilitoka kwa watu. Kuna mwenza aliyewaogesha watoto peke yake, kuna mtoto aliyeambiwa "subiri, mama anamaliza ukurasa huu". Kazi ikiachwa katikati, nyumba nzima inajua, hata kama hakuna anayelisema.

Habari njema ni kwamba kazi hii ina utaratibu, na utaratibu huo unaweza kufuatwa na mtu mwenye ajira, shamba na watoto.

Binti wa Nronga na wengine waliochelewa

Wakazi wa Machame wana mfano karibu na nyumbani. Elieshi Lema alizaliwa mwaka 1949 katika kijiji cha Nronga, wilayani Hai. Ameandika vitabu vya watoto kwa Kiswahili, na mwaka 1989 yeye na Demere Kitunga walianzisha kampuni ya uchapishaji ya E & D. Riwaya yake ya Kiingereza, Parched Earth, inayosimuliwa na mwalimu aitwaye Doreen Seko, ilitoka mwaka 2001. Wakati huo mwandishi alikuwa amevuka miaka 50. Kitabu hicho kilitajwa kwa heshima katika Tuzo ya Noma, iliyokuwa ikitolewa kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika.

Adam Shafi wa Zanzibar alitoa riwaya ya Kuli mwaka 1979. Vuta N'kuvute, ambayo vijana wengi wameisoma kidato cha tano na cha sita, ilitoka mwaka 1999. Ni miaka 20 baadaye. Mwaka 2021 ikawa filamu.

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987 akikaribia miaka 40, huku akifundisha chuo kikuu Uingereza. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilimfikia mwaka 2021. Naye Shaaban Robert, ambaye watoto wetu wanamsoma hadi leo, aliishi kwa mshahara wa ukarani serikalini. Vitabu vyake viwili, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, vilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake.

Mifano hii haina maana kwamba kila rasimu iliyokaa kabatini itashinda tuzo. Inamwambia mzazi jambo dogo zaidi, kwamba mwaka mmoja wa kuchelewa si ushahidi kuwa hana kipaji.

Kwa nini moyo hushuka

Sababu ya kwanza ni kipimo. Wakati wa kuandika, mtu hujipima kwa idadi ya kurasa. Leo mbili, kesho tatu. Wakati wa kurekebisha, kurasa huweza kupungua. Umekaa saa mbili, umefuta aya nne, unajiona umerudi nyuma, kumbe kitabu kimesonga mbele.

Sababu ya pili ni kutaka kurekebisha kila kitu kwa pamoja. Mtu anasahihisha tahajia, anabadilisha jina la mhusika, anawaza mwisho wa hadithi, yote katika ukurasa mmoja. Baada ya kurasa kumi amechoka.

Sababu ya tatu ni kulinganisha rasimu na kitabu cha dukani. Kitabu kilichochapishwa kimepita kwa mhariri, msomaji wa majaribio na msahihishaji wa prufu. Rasimu yako imepita kwako peke yako, tena usiku ukiwa umechoka. Hazilingani.

Iache ipumzike kwanza

Ukishamaliza rasimu, iweke kando wiki tatu au nne. Usiifungue. Fanya kazi nyingine, soma riwaya za wengine. Kama mtoto yuko sekondari, chukua Takadini au Watoto wa Mama Ntilie uvisome tena pamoja naye. Utaona mambo ambayo hukuyaona ulipokuwa mwanafunzi, kwa mfano mwandishi anavyoanza sura na anavyoikata.

Siku ya kurudi, soma rasimu yako yote mwanzo hadi mwisho bila kushika kalamu. Hilo ni gumu, kwa sababu mkono utawasha kutaka kusahihisha. Jizuie. Ukimaliza, chukua karatasi moja tu na ujibu maswali matatu. Hadithi hii inamhusu nani hasa? Ni wapi ulisoma kwa hamu? Ni wapi ulianza kupiga miayo?

Karatasi hiyo ndiyo ramani yako. Ibandike mahali unapoandikia.

Makubwa kabla ya madogo

Mkulima wa Kibosho au Uru anayepogoa mibuni baada ya mavuno hukata kwanza matawi makavu na yaliyozeeka. Machipukizi madogo huja baadaye. Riwaya nayo ni hivyo hivyo. Hakuna faida ya kunyoosha sentensi za sura ambayo mwishoni utaifuta.

Mzunguko wa kwanza uwe wa hadithi yenyewe. Tuseme riwaya yako inahusu ndugu wawili wanaogombea kihamba cha baba yao. Ugomvi wenyewe unaanza sura ya tisa. Msomaji amesubiri mno, basi usogeze hadi sura ya tatu. Shangazi aliyetokea mara moja tu na kupotea, ama mpe kazi ama mwondoe.

Mzunguko wa pili uwe wa wahusika na tarehe. Andika umri wa kila mhusika katika kila sura. Mtoto aliyekuwa na miaka minane sura ya pili hawezi kuwa kidato cha nne miaka mitatu baadaye. Angalia na historia. Mhusika wako akiuza kahawa KNCU mwaka 1928, wazee wa Moshi watakucheka, kwa kuwa chama hicho kilianza mwaka 1933. Kabla yake kulikuwa na chama cha wakulima cha KNPA, kilichoanzishwa mwaka 1925.

Mambo ya mila yanaweza kukaguliwa pia. Petro Itosi Marealle aliandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera miaka ya 1940, kitabu kinachomfaa yeyote anayeandika kuhusu maisha ya zamani mlimani. Wapo pia babu na bibi walio hai. Swali moja kwao linaweza kukuokolea sura nzima.

Mzunguko wa tatu ndio wa lugha. Hapo sasa soma kwa sauti. Sentensi inayokukatisha pumzi itamchosha msomaji. Mazungumzo ambayo hakuna mtu wa Moshi angeyasema hivyo, yabadilishe. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA au Kamusi ya Kiswahili Sanifu iwe karibu kwa maneno unayoyatilia shaka.

Kurasa tatu kwa siku

Mzazi mwenye kazi hawezi kungoja siku ya mapumziko kamili. Siku hiyo haiji. Afadhali kiwango kidogo kinachowezekana hata siku mbaya.

Chukua kurasa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni kurasa 15 kwa wiki. Rasimu ya kurasa 200 itapita mzunguko mmoja kwa wiki 14 hivi, yaani zaidi kidogo ya miezi mitatu. Mizunguko mitatu ni chini kidogo ya mwaka. Inaonekana ndefu, lakini daftari lililokaa juu ya kabati tangu mwaka jana lingekuwa limekwisha.

Siku ukishindwa kurasa tatu, soma moja. Siku ukishindwa kabisa, usijilipishe deni la kurasa sita kesho yake. Deni likirundikana ndilo linalomfanya mtu asirudi tena.

Panga kwa kalenda ya huku. Mavuno ya kahawa yakianza katikati ya mwaka, wenye mashamba hawana jioni. Shule zikifungwa, nyumba hujaa. Wiki mbili za mwisho wa Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, usijidanganye kuwa utaandika. Ni afadhali kuweka likizo mapema kwenye ratiba kuliko kuiita kushindwa.

Desemba ina faida yake hata hivyo. Ukoo umekusanyika, hadithi za zamani zinasimuliwa, wazee wanakosoana juu ya nani alichimba mfongo upi. Beba daftari dogo usikilize.

Kupanda juu, kulala chini

Wapagazi na waongozaji wa njia ya Machame wanajua jambo ambalo wageni hulishangaa. Siku moja msafara hupanda hadi Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, kisha hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mgeni huuliza kwa nini wateremke walichokwisha kupanda. Jibu ni kwamba mwili unahitaji kuzoea hewa nyepesi. Aliyeshuka leo ana nafasi nzuri zaidi ya kufika Uhuru, mita 5,895, kuliko aliyekimbia moja kwa moja.

Kurekebisha riwaya kuna siku kama hizo. Unaandika upya sura ya sita, kesho yake unaona ile ya zamani ilikuwa bora, unairudisha. Siku mbili hazijapotea. Sasa unajua kwa nini ile ya zamani ni bora, na hutaihangaikia tena.

Ndiyo sababu kila toleo lihifadhiwe. Liandike kwa tarehe, ujitumie kwa barua pepe na uweke nakala nyingine kwenye flashi. Simu huibwa, kompyuta hufa umeme unapokatika. Anayeandika kwa mkono apige picha kila ukurasa. Hofu ya kupoteza ikiondoka, ujasiri wa kufuta huja.

Ndugu watajitambua

Hili halisemwi sana, lakini limewasimamisha waandishi wengi, hasa wazazi. Rasimu ya kwanza mtu huiandika kwa siri, hivyo humwaga kila kitu. Anapoanza kurekebisha ndipo anapokumbuka kwamba kuna siku mama mkwe atasoma.

Katika vijiji vya mlimani, ambako kihamba hurithiwa kizazi hadi kizazi na makaburi ya wazee yako humo humo migombani, hadithi ya familia moja hutambulika kirahisi. Ukiandika kaka mkubwa aliyemnyang'anya dada mjane shamba, wapo watakaosema wanamjua.

Marekebisho ndiyo nafasi ya kulitatua hilo. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi. Badilisha kijiji, kazi, idadi ya watoto, namna ugomvi ulivyoanza. Unganisha watu wawili kuwa mmoja. Mara nyingi hadithi huwa bora zaidi, kwa kuwa mhusika anaacha kuwa mjomba wako na kuanza kuwa mtu wa kitabuni.

Jiulize pia kama kila siri ni yako kuitoa. Jambo la mtoto wako, ugonjwa wake, aibu yake ya shuleni, si mali yako kwa sababu tu wewe ndiye mzazi. Akiwa mkubwa wa kuelewa, muulize. Akikataa, ondoa. Riwaya itapona. Mtoto aliyejikuta kitabuni bila kuulizwa anaweza kuchukua muda mrefu zaidi kupona.

Nani asome

Usimpe mwenza wako kazi ya kuwa mhariri pekee. Akisifu, utasema anakupendelea. Akikosoa, mtalala mmegeukiana migongo. Mwenza anaweza kusaidia kwa namna nyingine: kulinda ile saa moja yako. Kaeni mpange siku zipi na saa ngapi, na yeye apewe saa yake ya kufanya analolipenda. Hapo hakuna atakayehisi anaibiwa.

Tafuta wasomaji wawili au watatu. Mmoja awe anayependa kusoma riwaya, mwingine awe anayejua mazingira unayoyaandika. Wape nakala iliyochapwa, kwenye steshenari mjini, kwa kuwa mswada mrefu husomeka vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye simu. Wape na muda, mwezi mmoja unatosha.

Usiwaulize "umeionaje?" Watakujibu "nzuri", na hutajifunza kitu. Waulize waliacha kusoma wapi mara ya kwanza. Ni mhusika gani walimchanganya na mwingine? Ni wapi hawakuamini? Majibu yao yakifika, nyamaza siku tatu kabla ya kujitetea. Wasomaji wawili wakilalamikia sehemu ile ile, sehemu hiyo ina tatizo, hata kama suluhisho wanalopendekeza silo.

Mtoto anajifunza nini

Watoto wengi wanaamini kwamba mtu mwenye akili huandika mara moja na kupata. Ndiyo maana insha ikirudi na wino mwekundu wanalia au wanaificha. Nyumbani ukiwa na karatasi zako zilizojaa mikwaruzo, waache wazione. Mtoto wa darasa la tano akiona mama yake amefuta ukurasa mzima na bado anakunywa chai kwa amani, ameelewa kitu kuhusu kosa ambacho maneno yasingemfundisha.

Unaweza hata kumpa kazi. Mwombe akusomee ukurasa mmoja kwa sauti huku wewe ukisikiliza. Anapokwama, weka alama. Hakikisha tu ukurasa huo unamfaa umri wake.

Pia kuna usiku ambao mtoto ana homa, au ana mtihani kesho, au anataka tu kuzungumza. Usiku huo kurasa tatu zinasubiri. Riwaya haitakumbuka kwamba uliichelewesha.

Lini inatosha

Wapo wanaokwama kwa sababu nyingine: hawaachi kurekebisha. Mzunguko wa saba, wa nane, koma inawekwa, koma inaondolewa. Ukiona unabadilisha neno na kulirudisha, na wasomaji wako hawalalamikii tena hadithi, mswada umeiva. Uachie.

Tarehe ya mwisho husaidia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, tarehe aliyozaliwa Mwalimu, na riwaya zilikuwa miongoni mwa nyanja zake. Mshindi wa kwanza alipata Sh10 milioni. Ipo pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo mwaka 2015 ilimpa ushindi wa riwaya Anna Samwel Manyanza kwa mswada wake, Penzi la Damu. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma, hasa urefu wa mswada na siku ya mwisho.

Hata usiposhinda, mtu aliyeandaa mswada kwa ajili ya tarehe fulani ana mswada uliokamilika mkononi. Anaweza kuupeleka kwa mchapishaji. Hapo awe macho: asitoe fedha kwa mtu anayeahidi kuchapisha bila mkataba wa maandishi, na asisaini mkataba asiouelewa. Masuala ya hakimiliki yako chini ya COSOTA, na anayetaka kujichapishia mwenyewe hupata namba ya ISBN kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Kwa anayeanza leo, hatua ni moja tu. Chagua siku ya wiki hii, mwambie mwenza wako, kisha soma kurasa tatu za kwanza bila kalamu. Zikikutia aibu, ni dalili kwamba leo unaona vizuri zaidi kuliko ulipoziandika. Kesho endelea na ukurasa wa nne.